Bonanza la gemu kazini: tutenge kundi la akina dada na wazee, au tuchanganye?

Katibu_Bonanza
Salaam wakuu. Ofisini tunaandaa bonanza la gemu, Jumamosi moja tu, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Tuna mashine za PS5 mbili, pedi nne za kuchezea, TV mbili za inchi 43, nafasi 16, na mchezo ni mpira (EA Sports FC, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA). Fomu zimeshapita na waliojaza ni vijana wa kiume watupu. Kamati inavutana: wapo wanaotaka kundi la akina dada na kundi la wenye miaka 45 kwenda juu, na wapo wanaosema tusijisumbue, hao gemu si zao. Naomba ushauri wa kiutendaji. Tugawanyeje, na tupange vifaa vipi ili mtu asiaibike dakika ya pili tu?

Dada_Kona
Katibu, fomu yenu iliuliza nini hasa? Kama mliandika "Je, wewe ni mchezaji wa gemu?", basi mmevuna mlichopanda. Mhasibu aliyefika ngazi ya 2,000 ya gemu ya simu ya Candy Crush atajibu hapana bila kupepesa macho. Mzee anayemaliza chaji ya simu kwa drafti naye atajibu hapana.

Rudieni fomu. Wekeni visanduku vya kutiki: Candy Crush, Ludo, drafti, karata, pool ya simu, mpira, ngumi, mbio za magari. Chini yake swali moja tu: kwa wiki unacheza saa ngapi? Mambo yatabadilika. Marekani, ambako chama cha kampuni za gemu, ESA, hupima kila mwaka, ripoti ya 2024 ilitoa wastani wa umri wa miaka 36, na wanawake asilimia 46 ya wachezaji.

Hii picha ya kijana wa kiume chumbani kwake ilitoka dukani. Gemu ya Pac-Man ya 1980 mbunifu wake, Toru Iwatani, aliibuni akiwafikiria wanawake pia, na gemu ya River Raid ya 1982 iliandikwa na mwanamke, Carol Shaw. Biashara ya gemu za nyumbani ilipoporomoka Marekani mwaka 1983, kampuni ya Kijapani ya Nintendo ilirudi sokoni kupitia maduka ya vitu vya watoto, na huko rafu za wavulana na za wasichana zilikuwa mbalimbali. Gemu zikaangukia upande wa wavulana. Mwaka 1989 ikatoka mashine yenye jina kabisa la Game Boy, "boy" yaani mvulana.

Shabiki_Sugu
Dada, Candy Crush na FC ni mbingu na ardhi. Halafu mwili haudanganyi. Kuna utafiti wa StarCraft II, gemu ya vita ya kuongoza jeshi, ulioonyesha kasi inaanza kushuka ukiwa na miaka 24. Wa miaka 50 mnamweka kiti cha nini?

FundiPedi
Shabiki, utafiti huo umeusoma nusu. Ni wa 2014, wachezaji 3,305 wa miaka 16 hadi 44. Kasi inashuka kuanzia 24, sawa, lakini watafiti haohao waliona wakubwa wakifidia kwa kurahisisha namna ya kuamuru jeshi lao. Na kinachoshuka ni kipande kidogo cha sekunde. TV ikiwa kwenye hali ya sinema inaweza kuchelewesha picha milisekunde 100 hivi yenyewe. Mtu anabonyeza, mchezaji anageuka baadaye, watu wanacheka "uzee huo". Uzee wa TV.

Katibu, anza na hizo TV. Ingia menyu ya picha, washa Game Mode (hali ya gemu, inayopunguza ucheleweshaji), zima kila kinacholainisha mwendo wa picha. Zote mbili ziwe sawa, la sivyo mtabishana mchana kutwa nani kapewa TV nzuri.

Macho. Baada ya miaka 40 wengi huvaa miwani ya kusomea, ambayo hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi. Mkimweka mita 3, akiivaa TV inakuwa ukungu, akiivua maandishi ya kwenye skrini ni madogo mno. Sogezeni viti hadi mita 1.5 na avue miwani ya kusomea. Mwenye miwani ya kuonea mbali abaki nayo. Kwenye FC ongezeni ukaribu wa kamera, na msichague jezi nyekundu dhidi ya kijani. Hilo la jezi si kwa ajili ya wazee: kutotofautisha nyekundu na kijani huwapata zaidi wanaume, wakiwemo hao vijana wenu.

Pedi ya PS5 ina gramu 280 hivi, na vitufe vyake vya nyuma, L2 na R2, hukaza vyenyewe kwenye baadhi ya michezo. Nenda Settings, Accessories, kisha sehemu ya pedi, zima Trigger Effect. Mwenye kidole kifupi au kiungo kinachouma atapumua. Mwenye kucha ndefu asukume analogi (kijiti cha kuongozea mchezaji) kwa nyama ya dole gumba, kidole kilale. Kwa ncha kitateleza tu.

Kisha laza kila pedi mezani ukiwa ndani ya menyu, usiiguse. Chaguo likitembea lenyewe, analogi imelika ndani, pedi hiyo haichezwi. Naisisitiza kwa sababu moja: wazoefu huwahi pedi nzima, mgeni anaachiwa mbovu, halafu mchezaji wake akikimbilia nje ya uwanja wanasema hajui. Pedi zipangwe kwa kura.

NairobiTag
Kuhusu kundi la akina dada, mimi nasema hapana kwa bonanza la siku moja. Ligi za wanawake zimekuwepo, kwa mfano ESL Impact ya gemu ya risasi ya Counter-Strike, iliyoanza 2022 na kufungwa 2025, lakini zilianzishwa kwa sababu wanawake ni wachache mashindanoni na wanatukanwa, si kwa sababu vidole vyao ni tofauti. Sasha Hostyn, anayejulikana kama Scarlett, alishinda IEM PyeongChang 2018 ya StarCraft II, mashindano ya wazi. Geguri wa Korea Kusini aliambiwa mwaka 2016 kwamba anadanganya kwenye Overwatch, gemu ya kulenga shabaha kwa timu, eti shabaha ile si ya binadamu. Akacheza mubashara mbele ya kamera, mkono wake ukionekana. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kwenye Overwatch League, ligi ya kulipwa ya gemu hiyo. Na hapa kwetu Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani kwa Tekken, gemu ya ngumi.

Gawa kwa uwezo. Wiki ile kabla ya bonanza, saa ya chakula, kila mtu acheze mechi moja na kompyuta ngazi ya Professional, vipindi vya dakika 4. Wapange kwa tofauti ya magoli: nane wa juu daraja la kwanza, nane waliobaki daraja la pili. Watu 16 kwa dakika 12 kwenye mashine mbili ni dakika 96, zigawe siku tatu.

Jumamosi kila daraja lina mashine yake: makundi mawili ya watu wanne, mechi 12, nusu fainali 2, fainali 1. Mechi 15 kwa dakika 15, pamoja na kuchagua timu na kubadilishana viti, ni saa tatu na dakika 45. Muda unaobaki ni wa kupasha vidole na kula. Daraja la pili pasi ziwe za kusaidiwa na kompyuta.

Sheria mbili ziandikwe ukutani. Anayenyakua pedi ya mwenzake akisema "lete nikuonyeshe" anakatwa goli moja kwenye mechi yake inayofuata. Na mtangazaji asiseme "hata mama anafunga!". Ataje jina na goli, basi.

Katibu_Bonanza
Asanteni sana wakuu. Na wale ambao mpira hawautaki kabisa?

FundiPedi
Tafuta mashine ya tatu, weka Tekken 8. Ukibonyeza L1 unaingia Special Style, ambapo kitufe kimoja kinatoa pigo zima lililounganishwa. Raundi ni sekunde 60, wa kwanza kushinda tatu, kwa hiyo muda wa kupigana hauzidi dakika tano na foleni inasogea. Iruhusu hiyo Special Style kwa wote, maana huwashwa na kuzimwa katikati ya pambano na hutaweza kumchunga kila mtu. Mzoefu ataiacha mwenyewe, inabana mapigo anayoyataka.

Shabiki_Sugu
Hiyo ya TV nimeikubali. Ya drafti bado.