Tupeane uzoefu: Kaunti ya Macon, Alabama, nje ya lango la chuo

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salamu. Kila Tuskegee, mji wa kaunti hii wenye chuo mashuhuri cha watu weusi, inapotajwa kati yetu, mazungumzo huishia kwa Booker T. Washington aliyekianzisha chuo hicho, George Washington Carver, mwanasayansi wake wa kilimo, na marubani weusi wa Vita vya Pili vya Dunia. Wanastahili heshima hiyo. Hata hivyo, chuo hicho kimezungukwa na kaunti nzima ya mashambani ambayo, kwa sensa ya mwaka 2020, ilikuwa na watu wasiofika 20,000, na takriban wanane kati ya kila kumi ni Wamarekani weusi. Waliowahi kuishi, kufanya kazi au kupita huko, naomba watueleze walichokiona wenyewe.

Nianze mimi niliyesomea kilimo pale. Macon imekaa mahali ambapo vilima vya udongo mwekundu vinakwisha na tambarare inayoshuka hadi pwani inaanza, kwa hiyo ukitoka Notasulga, kaskazini, ukaelekea kusini, unaona rangi ya ardhi ikibadilika kabla ya kuona mabadiliko ya mazao. Hadi mwaka 1832 nchi hiyo ilikuwa ya Wamuskogi, ambao Wazungu waliwaita Creek. Mkataba wa mwaka huo uliwanyang'anya ardhi, kaunti ikaundwa mwaka huohuo, na miaka michache baadaye wengi wao wakahamishwa kwa nguvu hadi magharibi ya mto Mississippi. Majina yao yamebaki: Tuskegee, Notasulga, na kijito cha Uphapee kinachomwaga maji yake katika mto Tallapoosa.

Baada yao ikaja pamba, ikilimwa na watumwa, na baada ya utumwa ikalimwa na wakulima wa nusu kwa nusu, yaani waliomgawia mwenye shamba sehemu ya mavuno, ambao kila mwaka walimaliza mavuno wakiwa bado na deni dukani. Pamba ilikula udongo. Carver alipofika mwaka 1896 alikuta mashamba yaliyochoka, na ndiyo sababu alihimiza kunde, karanga na viazi vitamu. Kunde na karanga hurudisha rutuba ardhini, na vyote vitatu huliwa nyumbani hata mnunuzi asipotokea. Wageni wengi husifu msitu wa taifa wa Tuskegee, wenye ekari 11,000 hivi, ambao ni mdogo kuliko misitu yote ya taifa ya Marekani. Wachache hujua kwamba ni mashamba yaliyokufa, ambayo serikali iliyanunua miaka ya 1930 na kuyapanda miti. Ukitembea kati ya misonobari ile bado unaona makorongo ya mmomonyoko.

Muuguzi, Montgomery

Asante kwa mada. Mimi nimetoka Tanga, na nimewauguza wazee wengi kutoka Macon. Mmoja wao, mzee wa kanisa, hakutia sahihi karatasi yoyote kabla sijamsomea neno kwa neno, na baada ya hapo alikuwa akiniuliza, "Na nyuma kumeandikwa nini?" Hata kama nyuma kulikuwa kutupu, nilimgeuzia akaona mwenyewe.

Sababu yake haikuhitaji maelezo. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi 600 wa kaunti hiyo, na kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya", wakapewa usafiri, chakula cha moto na ahadi ya fedha za mazishi. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya ugonjwa huo, katika miaka ya 1940, wao hawakupewa, na jambo hilo liliendelea hadi magazeti yalipolifichua mwaka 1972. Wakili Fred Gray aliishtaki serikali kwa niaba yao, na Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, wakati ambapo waliobaki hai walikuwa wachache sana.

Naomba nirekebishe jambo moja ambalo hata wauguzi wenzangu hulikosea. Wanaume wale hawakudungwa ugonjwa. Walikuwa nao tayari, na walinyimwa tiba makusudi. Kwangu mimi hilo halipunguzi ubaya wake hata kidogo. Tena msifikiri kwamba watu wa Macon wanaogopa hospitali kwa ujinga, maana mzee yule alikuwa akimeza dawa zake kwa saa kamili kuliko mgonjwa yeyote wa wodi ile.

Dereva wa lori

Mimi hupita barabara kuu namba 85 kati ya Atlanta na Montgomery, na mara nyingi hutoka njiani kidogo ili nile Tuskegee mjini. Kando ya barabara za ndani huuzwa karanga zilizochemshwa na maganda yake, kama zetu kabisa, na mboga yao ya majani kwenye sahani ni sukuma wiki, ila huipika muda mrefu hadi inalegea kabisa, jambo ambalo mama yangu asingelivumilia.

Mzee mmoja wa mgahawani alinichorea mpaka wa mji wao kwenye karatasi ya kufutia mikono. Kwanza alichora mraba. Kisha akachora dude lenye kona nyingi na kuniambia kwamba hivyo ndivyo bunge la Alabama lilivyoukata mji mwaka 1957, ili wapiga kura weusi wajikute wanaishi nje ya mji. Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nilisoma na kuthibitisha: mpaka mpya ulikuwa na pande 28, na kati ya wapiga kura weusi wapatao 400 ulibakiza wanne au watano tu, ilhali hakuna mzungu hata mmoja aliyetolewa. Watu weusi waligoma kununua katika maduka ya wazungu, na Charles Gomillion, profesa wa chuo, akaongoza kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1960 majaji wote walikubaliana kwamba sheria ile haiwezi kusimama. Mwaka 1966 kaunti hiyohiyo ilimchagua Lucius Amerson kuwa sherifu, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa cheo hicho Kusini tangu karne ya 19.

Mwalimu mstaafu, Kiambu

Sijafika Alabama, lakini Alabama ilifika kwetu. Baba yangu alisomea ualimu katika Shule ya Jeanes, Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925 baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, kuzuru Afrika Mashariki, ikiwa na Dakta James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo). Mfano wa shule hiyo ulitoka Kusini mwa Marekani, katika Tuskegee na Hampton, chuo kingine cha watu weusi: mwalimu anatembelea shule za vijijini, na pamoja na kusoma anafundisha kilimo, kuchimba vyoo na usafi wa nyumba. Baba alikuwa na daftari lenye vipimo vya choo cha shimo alivyovinakili kwa wino, nalo lilidumu kuliko vyoo vyenyewe.

Harry Thuku, mwanasiasa wa Kenya aliyepinga ukoloni, naye aliandikia Tuskegee mwaka 1921 kuomba msaada. Kwa hiyo tuliutazama mji ule kwa matumaini, na serikali ya kikoloni ikautazama kwa hesabu zake. Walowezi walipenda sana sehemu ya jembe na hawakuipenda ile ya vitabu.

Msomaji, Dar es Salaam

Shikamoo mwalimu. Hapo ndipo ninapomlaumu Booker T. Washington. Katika hotuba yake ya Atlanta ya mwaka 1895 aliwaambia wazungu kwamba katika mambo ya kijamii weusi na wazungu wanaweza kutengana kama vidole. Aliwapa walowezi wa kwetu hoja waliyoitafuta.

Mwanzisha mada

Lawama hiyo ina haki yake, na W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, aliitoa mapema. Lakini naomba uitazame kutoka Macon. Mwaka 1906 chuo kilituma gari la kukokotwa na nyumbu, likiwa na majembe na mbegu, kwenda kwa wakulima ambao wasingeweza kufika darasani, na Thomas Campbell akaajiriwa kulizungusha vijijini. Gomillion na wenzake walipodai kura nusu karne baadaye, walikuwa na mishahara ambayo hakuna mwenye shamba mzungu angeweza kuikata, kwa sababu ililipwa na chuo au na hospitali ya maveterani. Washington hakusema hadharani kwamba analenga huko, lakini huko ndiko kazi yake ilikofika.

Walioniuliza kwa faragha kuhusu safari: nendeni na gari lenu, kwa kuwa usafiri wa umma ni shida. Uwanja wa ndege wa Moton, walikoanzia mafunzo marubani wale, una jumba la makumbusho. Mkimaliza, endeleeni hadi kanisa la Shiloh, Notasulga, ambalo makaburini mwake wamezikwa baadhi ya wanaume aliowataja dada muuguzi.