Mjadala: Daraja la 2 au la 3, na malimbikizo yaanze kuhesabiwa lini?

Wadau, naomba tulijadili hili, hasa ninyi mnaofanya kazi wodini huku Uingereza.

Tangu 2004 watumishi wengi wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, wanalipwa kwa madaraja, na mshahara unafuata kazi unayoifanya. Msaidizi wa wodini wa daraja la 2 anaogesha wagonjwa, analisha, anapeleka chooni. Akipangiwa kupima presha na sukari au kuwachukua wagonjwa damu ya vipimo, hiyo ni kazi ya daraja la 3, na maelezo ya kazi yaliyorekebishwa 2021 yameliweka wazi.

Mimi nililipwa daraja la 2 miaka minne. Saa nane usiku ni mimi ninayesukuma mashine ya presha kitanda hadi kitanda: joto, mapigo, oksijeni, naandika, natia saini. Usiku mmoja mzee wa kitanda cha mwisho alikuwa akitokwa jasho, hajibu vizuri. Nikamchoma kidole, sukari 2.8, imeshuka mno. Nikakimbia kumwita muuguzi. Mwisho wa mwezi, daraja ni lilelile la 2.

Kwa England, mwaka 2025/26 daraja la 2 ni pauni 24,465. Daraja la 3 linaanza na 24,937, na ukitimiza miaka miwili unapata 26,598. Kwa hiyo anayesema tofauti ni pauni 472 tu hajamaliza hesabu; kwa mkongwe ni 2,133 kila mwaka.

Chama cha wafanyakazi cha UNISON kimepigania hili na wengi wamebadilishiwa daraja. Ugomvi uko kwenye tarehe. Mwajiri akiliita kupandishwa cheo, unaanzia chini ya daraja la 3 kuanzia siku ya barua, na miaka yako ya nyuma imepotea. Mimi nasema hakuna aliyepanda cheo hapa. Kazi tulishaifanya, tulipwe malimbikizo na miaka yetu ihesabiwe.

Najua wapo wanaosema fedha hizo zitatoka kwenye fungu lilelile la wauguzi na dawa. Ni kweli, na inaniuma. Lakini hilo deni lisingekuwepo kama tungelipwa kwa wakati.

Kinachonitatiza ni wenzetu waliopima presha mara mojamoja, wodi ikielemewa. Nao wahesabiwe daraja la 3? Na mliopita kwenye tathmini ya kubadilishiwa daraja, mlipeleka ushahidi gani? Mimi nilitegemea saini zangu kwenye chati.