Miaka 100 ya Grand Ole Opry: je, ni kweli kipindi hiki hakijawahi kukatika?

Mkulima_Kericho aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Sisi tuliokulia nyanda za juu za Bonde la Ufa tulizoea kuzisikia redioni sauti za Jim Reeves, Skeeter Davis na Don Williams hata kabla hatujajua Tennessee iko upande gani wa Marekani. Wote watatu walikuwa wanachama wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri kinachorushwa kutoka Nashville, ambacho kilitimiza miaka 100 tarehe 28 Novemba 2025. Sherehe zake nilianza kuzifuatilia tangu kile kipindi maalumu cha televisheni ya NBC cha tarehe 19 Machi 2025, kilichoongozwa na Blake Shelton, nikaendelea hadi onyesho la Royal Albert Hall jijini London tarehe 26 Septemba, ambalo lilikuwa la kwanza kutangazwa na Opry kutoka nje ya Marekani.

Yapo mambo mawili yanayonitatiza. Kwanza, kwa miaka mingi siku ya kuzaliwa ya kipindi hiki imekuwa ikiadhimishwa mwezi Oktoba, ilhali kumbukumbu zote zinataja Novemba. Pili, tunaambiwa kwamba hakuna kipindi cha redio nchini humo kilichodumu kwa muda mrefu kama hiki bila kukatika. Karne nzima ina vita, mafuriko na maradhi ndani yake. Je, kweli haikupita hata Jumamosi moja bila onyesho? Ningeomba nijibiwe na wanaolijua jambo lenyewe.

Mama_Nashville alijibu:

Ndugu Mkulima, mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi ila makazi yangu kwa sasa ni Nashville, na jambo la tarehe linaulizwa hata na wenyeji wa hapa. Kituo cha redio cha WSM kiliingia hewani tarehe 5 Oktoba 1925. Mwenye kituo alikuwa kampuni ya bima, National Life and Accident Insurance Company, na herufi hizo tatu zilichukuliwa kutoka katika kaulimbiu yake ya Kiingereza, "We Shield Millions", iliyojisifu kwamba inawakinga watu mamilioni. Kipindi chenyewe kilianza Jumamosi ya tarehe 28 Novemba, wakati George D. Hay, mtangazaji aliyekuwa ametoka kituo cha WLS cha Chicago, alipomkalisha mbele ya maikrofoni mpiga fidla wa miaka 77 aliyeitwa Uncle Jimmy Thompson, huku mpwa wake akimfuatisha kwa piano. Hay alikuwa akijiita Jaji Mzee, ingawa mwezi huohuo ndio kwanza alikuwa ametimiza miaka 30. Jina la Grand Ole Opry lilikuja Desemba 1927, pale kipindi chake kilipofuata baada ya saa nzima ya muziki wa okestra na opera kutoka NBC, naye akaamua kuitania hiyo opera kwa kuitamka kishamba.

Kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa kituo na Novemba ni mwezi wa kipindi. Ila kalenda pekee haitoshi kulieleza jambo hili, kwa sababu sherehe hizi tangu zamani zimekuwa na kazi yake. Mwaka 1952 WSM iliwaalika Nashville watangazaji wanaocheza santuri katika vituo mbalimbali vya nchi, ikiwaita waje kusherehekea miaka 27 ya Opry, na mwaliko huo ukakua hadi ukawa mkutano wa kila mwaka ambapo kampuni za santuri zilikutana na watu wenye uwezo wa kuzifikisha nyimbo masikioni mwa wasikilizaji. Baadaye msimu huo ukahamia Oktoba. Hata kabla ya hapo, mawakala wa ile kampuni ya bima waliokuwa wakipita mlango kwa mlango walikitumia kipindi kama salamu ya kufungulia mazungumzo, kwa kuwa mwenye nyumba aliyependa Opry hakuwa mgumu kumkaribisha mtu wa National Life. Kwa maoni yangu hilo si la kuonea aibu, maana muziki ule ulifika mbali kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuulipia.

Mtu akiingia Opry House, ukumbi wa sasa wa kipindi hiki, leo, jambo linalomshangaza ni kwamba yumo ndani ya kipindi cha redio. Viti ni mabenchi marefu mfano wa yale ya kanisani, kwa kuwa Ukumbi wa Ryman, ambao ulikuwa makao ya kipindi kuanzia mwaka 1943 hadi 1974, ulifunguliwa mwaka 1892 kama nyumba ya ibada. Pembeni mwa jukwaa mtangazaji amesimama kwenye meza yake, na mwimbaji akimaliza nyimbo zake mbili au tatu, mtangazaji huyo anasoma tangazo la unga au la mdhamini mwingine palepale mbele ya watu, wakati nyuma yake kundi linalofuata linachomeka nyaya na kurekebisha nyuzi za magitaa bila haraka yoyote. Mgeni aliyetarajia tamasha hudhani kuna mapumziko. Katikati ya jukwaa kuna duara la mbao chakavu, lenye upana wa karibu mita mbili, lililokatwa kutoka jukwaa la Ryman na kupachikwa hapo kipindi kilipohama. Hapo ndipo kila mwimbaji husimama, na nimewahi kuona kijana anayeimba Opry kwa mara ya kwanza akiinama kuligusa kwa kiganja kabla hajalikanyaga.

Fundi_Mitambo_Tanga alijibu:

Mama ameijibu sehemu ya kwanza vizuri, nami ngoja niijibu ya pili, kwa kuwa maisha yangu ya kazi yalikuwa katika mitambo ya redio. Neno "kukatika" lazima lipimwe kwa mambo matatu tofauti: kipindi kuwepo hewani, wanamuziki kuwepo jukwaani, na watazamaji kuwepo ukumbini. Ukiyachanganya, utabishana usiku kucha bila sababu.

Upande wa hewani dai hilo lina nguvu. Mwaka 1932 WSM ilipata mtambo wa wati 50,000 pamoja na mnara mrefu wa Brentwood, kusini mwa Nashville, wenye umbo la almasi, uliopana katikati na kuchongoka ncha zote mbili. Masafa yake ni kilohezi 650 katika mawimbi ya kati, na hapo ndipo penye siri ya kipindi kuwekwa usiku. Mchana, tabaka la chini la angahewa linalotokana na mwanga wa jua huyameza mawimbi ya aina hii. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupaa hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka kwenye mnara. Mkulima wa jimbo la mbali, ambaye mchana hakuipata WSM kabisa, Jumamosi usiku aliipata kana kwamba iko wilayani kwake. Kuanzia mwaka 1939 NBC nayo ikawa inairusha nusu saa ya kipindi hicho kupitia mtandao wake wa vituo, chini ya udhamini wa kampuni ya tumbaku.

Upande wa jukwaani kuna Jumamosi moja ambayo haiwezi kurukwa. Martin Luther King aliuawa Memphis, katika jimbo hilohilo la Tennessee, tarehe 4 Aprili 1968, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Nashville. Tarehe 6 Aprili Ryman haikuwa na onyesho la usiku; wasikilizaji walirushiwa kanda iliyorekodiwa. Kwa hiyo hewani kipindi hakikukatika, lakini jukwaani kilikatika.

Mafuriko ya Mei 2010 hayakukizuia. Mto Cumberland ulifurika, na maji yakalifunika jukwaa la Opry House kwa zaidi ya mita moja, lakini kipindi kikahamia katika kumbi nyingine za mjini, ukiwemo War Memorial Auditorium ambao kilikuwa kimeutumia kuanzia mwaka 1939 kabla ya kwenda Ryman. Lile duara la mbao lilitolewa, likakaushwa na kutengenezwa, na ukumbi ukafunguliwa tena tarehe 28 Septemba mwaka huohuo. Wakati wa korona, kuanzia Machi 2020, wanamuziki wachache waliimba kila Jumamosi mbele ya mabenchi matupu katika ukumbi unaochukua watu wapatao 4,400, hadi watazamaji wachache waliporuhusiwa kurudi Oktoba. Kwangu mimi wakati huo wa mabenchi matupu ndio uliothibitisha kwamba hii bado ni redio, kwani biashara ya tiketi peke yake isingekuwa na haja ya kuwasha maikrofoni. Onyesho la Jumamosi la 5,000 lilifanyika tarehe 30 Oktoba 2021, na hesabu yenyewe inajieleza.

Msomaji_wa_Lamu alijibu:

Fundi ametuhesabia Jumamosi, nami sina neno na hesabu yake. Ila nadhani sherehe ya miaka 100 inapaswa kuulizwa pia kuhusu watu, na wa kwanza kuulizwa ni DeFord Bailey.

Bailey alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1899 katika wilaya ya Smith, jimbo la Tennessee, na alipooza kwa muda utotoni kwa maradhi ya polio. Chombo chake kilikuwa harmonika, yaani kile kinanda kidogo cha mdomo, na sifa yake kubwa ilikuwa kuuiga mwendo wa gari moshi: kishindo cha magurudumu kikianza taratibu, kikishika kasi, na filimbi ikilia katikati, vyote kwa pumzi ya mtu mmoja. Usiku ule Hay alipolitamka jina la Opry kwa mara ya kwanza, aliyefuata kupiga alikuwa Bailey. Mwaka 1928 hakuna msanii aliyetokea katika kipindi hicho mara nyingi kuliko yeye. Alipokwenda ziarani na waimbaji wa Opry kama Roy Acuff, watu walifurika kumwona, lakini hoteli na mikahawa ya Kusini ilimfungia milango kwa sababu ya rangi yake.

Mwaka 1941 aliachishwa. Kisingizio kilikuwa mgogoro wa mirabaha, kwa kuwa vituo vya redio viligoma kulipia nyimbo zilizosimamiwa na shirika la ASCAP, na nyimbo zilizompa umaarufu zilikuwa humo. Alitakiwa alete nyimbo mpya. Naelewa kwamba mgogoro ule uliwagusa wanamuziki wengi wa redio. Lakini katika kijitabu alichokitoa mwaka 1945 Hay alimlaumu Bailey kwa uvivu, akaigusia na rangi yake humohumo. Mtu aliyekipa kipindi gari moshi lake akaishia kung'arisha viatu katika kibanda chake mjini Nashville. Baada ya hapo ilibidi kusubiri hadi mwaka 1967 ndipo Charley Pride, mwimbaji mweusi pia, aimbe Opry, naye hakufanywa mwanachama hadi mwaka 1993. Bailey alifariki mwaka 1982, na jina lake likaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Kantri mwaka 2005.

Ndiyo maana neno "bila kukatika" sipendi liachwe litambe peke yake kwenye mabango ya sherehe. Kipindi hakikukatika, waliokatwa walikuwa watu.

Mkulima_Kericho alijibu:

Nawashukuru sana nyote. Mzee wa Lamu, naomba unipe ufafanuzi mmoja: je, Opry wenyewe wamewahi kulikiri jambo la Bailey, au linasemwa na wanahistoria tu? Na kwa wote: je, tukiwa huku nyumbani tunaweza kukisikiliza kipindi chenyewe, au tubaki na vipande vya video vinavyosambazwa?

Msomaji_wa_Lamu alijibu:

Wamelikiri, ingawa walichelewa. Mwaka 1974 walimwalika arudi jukwaani kupiga, na akapiga, lakini radhi rasmi iliombwa mwaka 2023, miaka 41 baada ya kifo chake, na mjukuu wake akapanda jukwaani kutumbuiza. Nakiri kwamba ni jambo jema kwamba walifanya hivyo kabla ya mwaka wa sherehe, maana wangesubiri hadi mwaka 2025, tungedhani radhi nayo ni sehemu ya mapambo.

Fundi_Mitambo_Tanga alijibu:

Kuhusu kusikiliza, mawimbi ya kati ya Nashville hayawezi kufika Kericho hata hali ya anga ikiwa nzuri kiasi gani, kwa hiyo redio ya mbao ya marehemu baba haitakufaa. WSM inarusha matangazo yake kwenye intaneti na hayalipiwi. Onyesho la Jumamosi huanza saa moja jioni kwa saa za Nashville, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri ya Jumapili katika miezi ya baridi yao, na saa tisa usiku kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, wanapokuwa wamezisogeza saa zao mbele.

Mama_Nashville alijibu:

Niongeze jambo moja juu ya hilo la Fundi. Ndugu Mkulima, usizime matangazo ya biashara yanapoanza. Ukitega sikio utawasikia kundi linalofuata wakirekebisha nyuzi nyuma ya sauti ya mtangazaji, na mara nyingine mpiga fidla hudokoa mstari mmoja wa wimbo anaokusudia kuupiga kabla jina lake halijatajwa.