Ujerumani: pango nalipa, mkataba ninao, lakini ofisi inasema siishi popote!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana hili jambo limenikaa kooni.

Nimeishi Uholanzi miaka mingi na uraia wao ninao. Mwaka huu nimehamia Ujerumani na familia yangu kwa sababu ya kazi. Viza sihitaji, kibali sihitaji. Raia wa Umoja wa Ulaya anahama na pasipoti yake tu. Ndivyo tunavyoimbiwa kila siku. Ukishafika ndipo unakutana na Anmeldung, yaani kuandikisha makazi yako kwenye ofisi ya mji, na hapo ndipo nimekwama mpaka leo.

Sheria yao ya usajili wa wakazi ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2015. Inasema ukiingia kwenye nyumba una wiki mbili tu uwe umejiandikisha, na ukipuuza faini inaweza kufika euro 1,000. Inamhusu kila mtu, Mjerumani na mgeni, na kwa hilo sina neno. Serikali ina haki ya kujua nani anakaa wapi. Uholanzi nako nilijiandikisha manispaa nilipofika.

Sasa ingia kwenye tovuti ya mji ninaoishi mimi utafute miadi. Kalenda imejaa mwezi huu, imejaa na mwezi ujao. Unaamka alfajiri, nafasi inatokea, unaanza kuandika jina, unabonyeza, unaambiwa imeshachukuliwa. Sheria inakuhesabia siku, na ofisi hiyohiyo inayokuhesabia ndiyo iliyokufungia mlango.

Kuna watakaoniambia nijisajili kwa mtandao. Huduma hiyo ipo, ilianzia Hamburg na sasa imefika miji mingi, lakini ni ya mtu ambaye tayari yumo kwenye daftari la Ujerumani na anahama nyumba tu. Anayetoka nje ya nchi hana budi kupitia dirishani.

Basi nikapata miadi, nikaenda. Nimebeba pasipoti zetu zote, cheti cha ndoa, cheti cha mtoto kuzaliwa, mkataba wa nyumba uliosainiwa pande zote mbili na risiti za benki za pango. Mama wa dirishani akafungua pasipoti, sawa. Akaufunua mkataba, akaangalia ukurasa wa mwisho, akaufunga, akanirudishia kwa ncha ya kalamu. "Karatasi ya mwenye nyumba iko wapi?" Nikamwonyesha sahihi ya mwenye nyumba kwenye mkataba. Akasema mkataba hautoshi. Nikamwonyesha pesa zinavyotoka kwenye akaunti yangu kwenda kwake. Hautoshi. Akamwita mwenye namba inayofuata.

Karatasi yenyewe inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Ni ukurasa mmoja: jina na anwani ya mwenye nyumba, anwani ya nyumba, tarehe mliyohamia, majina ya waliohamia, sahihi. Kila kilichomo mle kimo pia kwenye mkataba wangu! Utaratibu huu waliwahi kuufuta mwaka 2002, wakaurudisha 2015 wakisema wanataka kuzuia anwani hewa. Nitarudi kwenye hizo anwani hewa.

Mwenye nyumba wangu hataki kusaini. Jina lake silitaji. Mwanzoni alisema "wiki ijayo", halafu akawa hapokei simu, mwishowe akanitumia ujumbe kwamba kama nataka mambo ya usajili nitafute nyumba nyingine. Pango la kila mwezi lakini anapokea bila shida. Kwa nini hataki jina lake lionekane kwenye daftari la serikali, hilo kila mmoja wenu atajijazia.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, wakuu. Sheria inamlazimisha YEYE pia! Kifungu cha 19 kinamtaka atoe karatasi ndani ya wiki zilezile mbili, na asipotoa naye faini yake inaweza kufika euro 1,000. Kifungu hichohicho kinasema mwenye nyumba akikataa, mpangaji aitaarifu ofisi mara moja, na ofisi ina uwezo wa kumtaka mwenye nyumba atoe maelezo. Nimetaarifu. Nimesimama dirishani nikasema kwa mdomo wangu, na Kijerumani changu si kibaya: mwenye nyumba amekataa, huu hapa ujumbe wake, mwandikieni. Jibu: "Ukipata karatasi, chukua miadi nyingine." Yaani sheria imetufunga watu wawili, lakini mnayemkamata ni mmoja tu, yule aliyekuja kwa miguu yake kuwaomba mmsajili.

Bila Anmeldung huna namba ya mlipa kodi, ile ya tarakimu 11. Bila namba hiyo mwajiri anaweza kukukata kwa daraja la sita la kodi, ambalo makato yake ni makubwa kuliko yote. Ndivyo ninavyokatwa. Wanasema mwakani nikijaza fomu za kodi nitarudishiwa. Maziwa ya mtoto hayanunuliwi kwa pesa za mwakani. Benki niliyoenda wamenitaka cheti cha usajili. Posho ya mtoto nayo inataka namba ya kodi ya mzazi na ya mtoto, na zote mbili zimekwama palepale.

Na kule nilikotoka nimeshajifuta. Uholanzi ukiondoka nchini kwa zaidi ya miezi minane ndani ya mwaka, sheria inakutaka uiage manispaa, na mimi niliaga. Kwa hiyo leo Uholanzi wanasema nimehama, Ujerumani wanasema sijafika. Nina mke, mtoto, kazi na funguo za nyumba mfukoni, na hakuna daftari hata moja barani Ulaya linaloonyesha ninapolala.

Sasa zile anwani hewa. Kijana mmoja alinifuata baada ya kusikia shida yangu: "Kaka, usihangaike, toa hela kidogo, kesho unapata karatasi yenye anwani safi." Biashara hii ipo kwenye kila kundi la wahamiaji. Msiiguse! Kumpa mtu anwani ambayo hakai ni kosa ambalo faini yake inaweza kufika euro 50,000. Lakini jiulizeni nani ameilisha biashara hiyo. Mtu mwenye nyumba halali anakataliwa dirishani, na tapeli mwenye karatasi ya uongo yenye sahihi nzuri anapita. Hiyo ndiyo kinga waliyotuwekea.

Kwa mnaosubiri miadi, someni fomu vizuri kwenye sehemu ya dini. Ukijaza Mkatoliki au Mlutheri, taarifa inakwenda moja kwa moja kwenye kodi, na kodi ya kanisa inaanza kukatwa: asilimia 8 ya kodi yako ya mapato ukiwa jimbo la Bayern au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Anayetaka kulipa alipe kwa moyo mweupe, ni haki yake. Ila mtu aambiwe kabla ya kujaza, maana kujitoa baadaye unapitia mahakamani au ofisi ya vizazi na ndoa, na sehemu nyingi unalipia. Mzee mmoja wa Bukavu, jirani yetu, aligundua kwenye karatasi ya mshahara.

Na mkishasajiliwa, hakikisheni jina lenu lipo kwenye sanduku la barua. Namba ya kodi inakuja kwa posta, na tarishi asipoona jina anairudisha. Mimi nimebandika langu kwa karatasi na gundi, mwenye nyumba amelibandua, nimelibandika tena.

Jumatatu napeleka barua ofisini kwa rejista, kifungu cha 19 nimekitaja, ujumbe wa mwenye nyumba nimeambatanisha, na nakala inakwenda kwa mbunge wa eneo hili. Aliyewahi kufanya hivyo Ujerumani, ofisi ikamwandikia mwenye nyumba kweli, aniambie ni mji gani na aliandika nini. Na wa chama cha wapangaji, kama waliwahi kukusaidia kwa hili, nielekeze nijiunge leo hii.