Mrejesho: hamu ya triathloni imerudi, baiskeli bado

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza nifanyeje baada ya hamu ya mazoezi ya triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo) kuniisha kabisa, sasa narudi na majibu.

Kilichonisaidia zaidi ni ushauri wa kuacha kuogelea peke yangu. Sasa tuko watatu, tunakutana ufuoni Nyali, Mombasa, na tunafuata maji: yakijaa tunaogelea upande wa ndani wa mwamba, yakitoka tunakimbia kwenye mchanga mgumu. Wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) maji hutoka mbali mno, basi ni mbio tu. Kujua kuna mtu amesimama pale, miwani ya kuogelea mkononi, ananingoja, kunanitoa kitandani kuliko kengele ya simu.

Pia nimeshuka hadi masafa mafupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Wallahi nafurahia tena.

Baiskeli ndiyo bado. Mlioniambia nitoke alfajiri barabara ya Malindi, nilijaribu. Matatu hazikupi nafasi hata saa kumi na moja, na woga umenibakia. Ratiba ya kubandika ukutani mliyonishauri nayo haikunishika. Anayejua njia tulivu upande wa Likoni, tafadhali anielekeze.