Baba anataka kuacha aspirini anywe kitunguu swaumu, naombeni ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Pasua. Mzee wangu ana miaka 61, anaendesha Noah ya Moshi–Arusha. Mwezi wa pili alishikwa na kifua saa kumi na mbili asubuhi akiwa anapasha gari moto. Hospitali wakakuta mshipa wa moyo umezibwa na bonge la damu. Mungu akasaidia.

Ana kisukari, presha, na kitambi: mkanda wake umetobolewa matundu matatu ya ziada kwa msumari. Sigara anasema kaacha, ila juzi nimekuta vipisi kwenye kopo la rangi nyuma ya banda la kuku.

Daktari alisema mwili wenyewe huyeyusha mabonge, ila kwa mzee uwezo huo umedhoofika. Foleni ilikuwa ndefu, hakufafanua. Mzee kabaki na neno "kuyeyusha" tu. Kuna jamaa Mbuyuni kamuuzia dumu la lita tano la kitunguu swaumu, tangawizi na ndimu, sasa anataka aache aspirini. Nimweleze vipi anielewe?

Mchaga wa Kibosho: Pole sana mkuu. Asiache dawa hata siku moja bila daktari wake kusema. Hayo mengine yatafuata.

Nesi wa Njiro: Pole kaka. Damu ikiganda, nyuzi za fibrini husukana kama wavu. Ukuta wa mshipa hutoa protini iitwayo tPA, inayoamsha nyingine iitwayo plasmini, na plasmini ndiyo hukatakata huo wavu. Kazi hiyo ina breki yake, inaitwa PAI-1. Mafuta ya tumboni huongeza hiyo breki, na insulini ikishindwa kufanya kazi vizuri inazidi kukaza. Sukari ikikaa juu muda mrefu hunata kwenye fibrini yenyewe, bonge linakuwa gumu kukatika. Sigara nayo huumiza ukuta wa mshipa, tPA inatoka kidogo pale inapohitajika. Halafu asubuhi PAI-1 huwa juu kuliko jioni, ndiyo moja ya sababu mshtuko wa moyo hupiga sana saa hizo.

Aspirini haiyeyushi bonge. Inazuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikamane, lisitokee jingine. Dawa za kuyeyusha zipo, kama streptokinase, ila huchomwa hospitali saa za mwanzo. Swaumu nyingi juu ya aspirini inaweza kumtoa damu, kwa hiyo daktari lazima ajue habari za hilo dumu.

Mama Rau: Mwanangu, usimfokee kwa sigara. Mume wangu nilimfokea miaka sita akawa anavutia chooni. Aliacha siku tuliyokaa naye kliniki wote wawili.

Mleta uzi: Asante mama. Nesi, mazoezi yanasaidia hiyo breki?

Nesi wa Njiro: Sana. Kutembea na kupunguza tumbo hushusha PAI-1. Ila ametoka kuugua moyo, aulize kwanza aanze na mwendo gani. Na kifua kikibana tena msisubiri kupambazuke, mkimbizeni.

Mleta uzi: Nimemsomea yote. Alinyamaza, akajishika tumbo, akauliza, "Kwa hiyo hili ndilo breki?" Nikamwambia ndiyo baba. Aspirini ameinywa mbele yangu. Jumatatu tunaenda kliniki pamoja, na dumu tunalibeba daktari alione.