Hedhi haina mpango na huko chini kukavu, umri 46

mama_wete
Assalaam alaykum kina dada na mama zetu, mie niko Wete, umri 46, toka mwaka jana hedhi imekua haina mpango, inapotea miezi miwili mitatu kisha ikija inakuja kwa mabonge, shuka nazifua alfajiri watoto wasione, halafu inabaki ya kahawia inachirizika tu siku na siku sijui nisali au nisisali. Na jengine naona haya kulisema, huko chini kumekua kukavu kunawasha, nikikutana na mume wangu nahisi nachanika. Shoga yangu kaniambia nitie shabu, lile jiwe jeupe la kukaza. Kuna aliyepitia haya?

somo_chake
W/salaam. Shabu usitie kabisa mdogo wangu! Inakausha na wewe ushakua mkavu, utajichubua bure. Kujifukiza udi pia acha kwanza, na sabuni za harufu, osha kwa maji tu. Mie hunisaidia mafuta ya nazi kidogo kabla ya tendo, ila kama mnatumia kondomu yanazipasua, hapo nunua kilainishi cha maji duka la dawa. Na mwambie mumeo, wangu alininunia akidhani nimemchoka 😅

nesi_mstaafu
Dada, umri huo mwezi mwengine yai halipevuki, ukuta wa kizazi unazidi kua mnene, ukibomoka ndo hayo mabonge. Ukavu ni homoni ya estrojeni inapungua, ngozi ya uke inakua nyembamba, wengine hata mkojo unawachoma. Lakini usikae nyumbani ukasema ni umri tu, maana fibroidi (uvimbe wa kizazi) na saratani nazo hutoa damu hivohivo. Nenda hospitali wakupime wingi wa damu, ultrasaundi, shingo ya kizazi, na mimba pia (usicheke, bado inaingia madhali hedhi haijakoma kabisa). Ukijaza pedi kila saa kwa masaa mawili mfululizo au ukapata kizunguzungu usingoje asubuhi. Dawa zipo, vidonge vya traneksamiki vya kupunguza damu, kitanzi chenye homoni, na krimu ya estrojeni ya kutia ukeni, ila akuandikie daktari, hivyo vidonge aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa hapewi. Na chai usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma na damu ushaipoteza nyingi.

ukhty_T
Kuhusu sala, kwa madhehebu yetu ya Shafi damu isipovuka siku 15 ni hedhi, hata hiyo ya kahawia. Ikivuka imeingia istihadha (damu isiyo ya hedhi), unakoga, unatia pedi safi, unatawadha kila sala ya faradhi wakati wake ukishaingia, unasali na unafunga. Zipi katika hizo zilikua hedhi inaangaliwa rangi na ada yako (siku ulizozoea), hapo kamuulize ustadha umueleze vizuri. Andika kwenye kalenda siku inapoanza na inapokoma, daktari nae atakuuliza hayohayo.

mama_wete
Ahsanteni sana, shabu nishaitupa. Lakini nikienda nikamkuta daktari mwanamme?

somo_chake
Ukifika mapokezi sema mapema unataka wa kike, wamezoea. Akiwa hayupo uliza siku yake ya zamu. Na uchukue kanga ya pili, kile kitanda cha kupimia unakijua.